Filamu Iliyohukumiwa Kabla ya Kuonwa



Mambo mengi ya watu huharibika kwa haraka ya ulimi. Mtu husikia neno barazani, hulichukua mpaka sokoni, na likirudi jioni limeshakuwa hukumu. Dini yetu imetukataza mwendo huo. Kadhi hahukumu kwa maneno ya mshitaki peke yake. Hutaka shahidi aliyeona kwa macho yake, na shahidi mwenyewe huulizwa uadilifu wake. Ikiwa hivyo ndivyo afanyavyo kadhi katika ugomvi wa mnazi mmoja, vipi sisi tuwahukumu watu na maisha yao kwa habari za kusikia?

Leo nataka kuzungumza nawe juu ya filamu za Bara la Asia ambazo zimesimulia habari za watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, na za watu waliozaliwa wakaitwa wanaume nao wakaishi kama wanawake. Na jinsi filamu hizo zilivyokatwa, zilivyopigwa marufuku, na nyengine zikasababisha sinema kuvunjwa vioo. Najua ni maneno mazito kuyaleta sebuleni. Wako watakaosema: ya nini kuyataja? Nakuomba ustahamilivu wako mpaka mwisho, kisha upime.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Sikuja kukwambia kwamba kila filamu iingie kila nyumba. Mlango wako una komeo, na komeo hilo liko mkononi mwako. Mzazi ana haki ya kusema hiki kitazamwe na kile kisitazamwe; hiyo ni amana yake na ataulizwa juu yake. Swali langu ni jengine: yule anayekata kwa niaba ya watu wote, hasa anakata nini? Na akishakata, nani huwa salama na nani huumia?

Sisi watu wa pwani hatuwezi kujifanya wageni katika jambo hili. Filamu za Bombay zimetulea wengi, Mombasa, Unguja na kwengineko. Mimi ni katika waliokwenda maonyesho ya wanawake, sisi na mabuibui yetu na njugu zetu mapajani, tukilia pamoja na Nargis na hali Kihindi hatukijui ila kwa kukisia. Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zilirudi na kurudi, na kila zikirudi tulikwenda tena.

Utakumbuka kwamba katika filamu zile, bwana na bibi wakianza kukaribiana nyuso, mara picha huhama. Huonyeshwa maua mawili yakigusana kwa upepo, au ndege wawili juu ya tawi. Hiyo ilikuwa kazi ya mkasi wa wakaguzi wa India, na kazi ya watengenezaji waliojikata wenyewe kabla hawajakatwa. Bibi zetu waliipenda haya ile, na mimi naipenda mpaka leo. Lakini hapakuwa na mtu ukumbini, hata mtoto, aliyedhani kwamba maua ndiyo yaliyooana.

Hapo pana tofauti ambayo nataka uishike, maana nitairudia. Kuna kusitiri na kuna kufuta. Mwenye kusitiri anajua kwamba kitu kipo, akakifunika kwa heshima. Mwenye kufuta husema kitu hakipo na hakijapata kuwapo, na atakayesema kipo ni adui wa watu. Ya kwanza tumefundishwa na wazee wetu. Ya pili sijui tumeitoa wapi.

Mwaka 1996 bibi mmoja mtengenezaji wa filamu, Deepa Mehta, mzaliwa wa India aliyehamia Kanada, alitoa filamu iitwayo Fire. Ni habari ya nyumba moja ya Delhi wanamoishi ndugu wawili na wake zao. Ndugu mkubwa amemfuata mwalimu wake wa kiroho hata ameacha kumkaribia mkewe kwa miaka mingi. Ndugu mdogo ameoa kwa kushurutishwa na jamaa zake, na moyo wake uko kwa hawara. Wake zao, Radha na Sita, wakabaki wawili jikoni, waliosahauliwa chini ya dari moja. Wakafarijiana, na faraja ikageuka mapenzi. Waigizaji walikuwa Shabana Azmi na Nandita Das.

Bodi ya ukaguzi ya India iliitazama filamu hiyo ikaipitisha mwaka 1998 bila ya kuikata, kwa watu wazima tu. Ikaonyeshwa, watu wakaingia na kutoka kwa salama. Kisha mwezi wa Disemba wafuasi wa chama cha Shiv Sena wakavamia sinema za Mumbai na Delhi, wakavunja vioo, na maonyesho yakasimama. Filamu ikarudishwa kwa bodi itazamwe upya. Miongoni mwa waliokwenda Mahakama ya Juu kuomba ulinzi alikuwamo mwigizaji mzee Dilip Kumar, ambaye wewe na mimi tunamjua tangu utoto wetu. Mwezi wa Februari 1999 bodi ikaipitisha mara ya pili, pasi na kukatwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo aghalabu halisimuliwi. Kiongozi wa chama kile, Bal Thackeray, alisema ugomvi waweza kumalizika ikiwa wanawake wale wawili watabadilishwa majina na kupewa majina ya Kiislamu. Rudia kulisoma hilo, ndugu yangu. Filamu ile ile, tendo lile lile, nyumba ile ile. Lakini wakiitwa kwa majina ya binti zako na zangu, basi hapana neno, na ionyeshwe. Tuliambiwa kwamba watu walighadhibika kwa ajili ya maadili. Lau ingekuwa maadili, jina lingebadilisha nini? Kilichomuuma bwana yule ni kwamba aibu imeangukia upande wake, naye alitaka iangukie kwetu. Mkasi ukishikwa na mkono kama huo, leo utamkata jirani yako na kesho utakukata wewe.

Usidhani nasema haya kwa kuwa waliovunja vioo walikuwa watu wa dini nyengine. Twende katika nchi za Waislamu wenzetu.

Malaysia, mwaka 2010, ilitangazwa kwamba filamu zitaruhusiwa kuwaonyesha watu wa namna hii kwa sharti moja: mwishoni mwa hadithi watubu au wafe. Sharti hilo walau lilisemwa wazi, na nia yake yafahamika. Hata hivyo jiulize, ni mafunzo gani yatapatikana katika hadithi ambayo mwisho wake umeshaamriwa na karani? Mtazamaji hukaa akingojea toba au jeneza, na yaliyo katikati, yaani mama, baba, mke, jirani, hayamshughulishi tena.

Indonesia, taifa lenye Waislamu wengi mno, kuna mtengenezaji mashuhuri, Garin Nugroho. Filamu yake ya mwaka 2018, Kucumbu Tubuh Indahku, inamfuata mtoto wa Java aitwaye Juno, aliyeachwa na baba yake, akakulia katika ngoma ya lengger, ngoma ambayo wanaume huicheza wakiwa wamejipamba kike. Ngoma hiyo ni ya zamani katika sehemu za Banyumas. Haikuletwa na sinema wala na Wazungu. Bodi ya ukaguzi ya nchi iliipitisha filamu. Lakini ilipoanza kuonyeshwa mwezi wa Aprili 2019, wakuu wa miji na wilaya kadhaa, ukiwamo mji wa Depok ulio karibu na Jakarta, waliizuia katika maeneo yao. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo filamu hiyo hiyo ikapewa tuzo ya Citra, kuwa ndiyo bora ya mwaka katika nchi. Basi mtu wa Depok ashike lipi? Wakubwa wake wawili, mmoja anampa tuzo na mmoja anamfungia mlango, naye mwenyewe hajaulizwa.

Sasa nifike kwenye filamu iliyonifanya nishike kalamu. Inaitwa Joyland, kwa jina la uwanja wa bembea ulioko Lahore, Pakistan. Mtengenezaji wake ni kijana Saim Sadiq. Mwezi wa Mei 2022 ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, ikapata tuzo ya baraza la waamuzi katika sehemu yake, pamoja na tuzo nyengine inayotolewa huko kwa filamu za mambo haya tunayoyazungumza.

Mwezi wa Agosti 2022 filamu ilipata cheti nyumbani Pakistan, na siku ya kufunguliwa ikawekwa tarehe 18 Novemba. Wiki moja kabla ya siku hiyo, tarehe 11, wizara ya habari ikakibatilisha cheti kwa kutumia sheria ya filamu ya mwaka 1979, ikisema kwamba filamu haiafikiani na adabu na maadili ya jamii. Seneta Mushtaq Ahmad Khan wa Jamaat-e-Islami alikuwa miongoni mwa walioipinga kwa nguvu. Waziri Mkuu Shehbaz Sharif akaunda kamati, na baada ya siku chache kamati ikairuhusu kwa kukatwa sehemu ndogo ndogo. Lakini serikali ya jimbo la Punjab ikaizuia upya. Ikawa Karachi wanaiona na Lahore hawaioni, na hali filamu yenyewe ni ya Lahore, vichochoro ni vya Lahore, na nyumba inayosimuliwa ni ya Lahore. Watu waliokatazwa kuitazama ndio waliosimuliwa.

Ili ufahamu kelele ile ilitoka wapi, yafaa ujue kwamba Pakistan wako watu waitwao khwaja sira. Ni watu ambao jinsia yao haikubainika walipozaliwa, au waliohesabiwa wanaume nao wakaishi kama wanawake, na kwa karne nyingi wamekuwa na mahali pao katika miji ile: huimba na kucheza penye harusi na penye kuzaliwa watoto. Mwaka 2009 mahakama ya juu ya nchi iliamuru watambuliwe katika vitambulisho. Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuwalinda. Mwaka 2022, filamu ilipokuja, sheria hiyo ilikuwa katika mabishano makali, na mwezi wa Mei 2023 Mahakama ya Sharia ya nchi ilibatilisha baadhi ya vifungu vyake. Kwa hiyo filamu iliingia penye moto uliokwisha kuwashwa, na watu wengi walioinyooshea kidole hawakuwa wamepata nafasi ya kuiona, maana ilikuwa bado haijafunguliwa.

Habari zake zilitufikia na sisi kwa simu, zikizungushwa kutoka kundi hadi kundi: filamu ya kubomoa nyumba za Waislamu. Nikamwambia binti wa dada yangu, anayesoma chuo kikuu, ailete niitazame kabla sijasema neno. Tukakaa watatu baada ya Isha, mimi, dada yangu na yeye, mlango tumeurudisha.

Nitakusimulia kwa ufupi. Baba ni mzee mjane, anakaa katika kiti cha magurudumu, na neno lake ndilo sheria ya nyumba. Mwana mkubwa ana mke anayezaa binti baada ya binti, na kila mara nyumba hungojea mwana wa kiume. Mwana mdogo, Haider, hana kazi. Anapika, anafua, analea watoto wa kaka yake. Mkewe, Mumtaz, ndiye mwenye kazi, hupamba wanawake katika saluni, na kazi hiyo anaipenda. Siku moja Haider anapata kazi ya kucheza nyuma ya Biba, khwaja sira anayeimba na kucheza katika jumba la maonyesho. Siku hiyo hiyo nyumba inaamua kwamba Mumtaz aache kazi yake. Haider anaingia katika mapenzi na Biba, na nyumbani Mumtaz anazimika kidogo kidogo kama taa iliyokwisha mafuta. Anashika mimba, ya mtoto wa kiume, wote wanafurahi, na hakuna anayemtazama uso. Mwisho anajitoa uhai.

Filamu ilipokwisha hatukusema kitu kwa muda. Kisha dada yangu akauliza, wala hakumtaja Biba: "Yule mke, nani alimuuliza?"

Nikanyamaza, kwa sababu nilijua anauliza nini. Dada yangu alikuwa karani. Alikuwa hodari wa hesabu, na ofisini walimpenda. Wiki aliyoolewa aliambiwa kazi basi, akaacha, na miaka zaidi ya arubaini imepita. Hakupata kulalamika mbele yetu hata siku moja. Binti yake alimwangalia usiku ule kama anayemwona mtu mpya. Akamwuliza, "Mama, na wewe ulitaka kuendelea?" Akajibu, "Nilitaka." Neno moja tu, baada ya miaka arubaini.

Ndugu msomaji, hilo ndilo lililokuwa ndani ya filamu ile. Waliotaka ifungwe walisema inafundisha mapenzi ya haramu. Mimi niliona nyumba isiyomuuliza mtu yeyote: haikumuuliza Haider anaweza nini, haikumuuliza Mumtaz anataka nini, wala haikumwona Biba kuwa ana damu na hofu kama wao. Kumbuka lile sharti la mwaka 2010, kwamba mkosaji mwishoni afe. Katika Joyland anayekufa ni mke aliyekuwa hana kosa. Pengine ndiyo maana ilikuwa nzito kuivumilia. Mtu huweza kutazama msiba wa mgeni akatikisa kichwa. Lakini msiba unaotoka katika adabu ya nyumba yake mwenyewe, huo hutaka uzimwe.

Nami sikwambii kwamba filamu ile haina la kupingwa. Ina mambo ambayo siwezi kuyatazama mbele ya wajukuu, na tulipofika hapo dada yangu aligeuza uso. Wewe ukisema haifai kwa nyumba yako, sina hoja nawe. Lakini useme hivyo baada ya kujua, na kwa nyumba yako.

Hilo la kusema bila kujua lina gharama yake, na gharama hiyo hailipwi na filamu. Mtaani kwetu alikuwako mshoni wa nguo za maharusi. Hapana harusi iliyosihi bila ya mkono wake. Yeye ndiye aliyekata kitambaa, yeye ndiye aliyejua ushanga gani ukae wapi. Alikuwa na mwendo wake na sauti yake, na watu walimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Sijapata kumsikia mtu aliyemwona akitenda ovu, wala hapana aliyehitaji kuona. Alisali msikiti wa mtaa, safu ya nyuma, na aliondoka kabla watu hawajapeana mikono.

Alipougua, nyumba alizozipamba hazikuvuka kizingiti chake. Mama yangu alikuwa akinituma kwake na uji asubuhi na mchuzi jioni. Nilimkuta amelala ameelekea ukuta, na chereheni yake imefunikwa shuka safi pembeni. Alipofariki, waliofuata jeneza walihesabika kwa vidole. Maiti ya Muislamu ni haki juu ya jirani zake. Hilo hakuna mtaani asiyelijua, na wengi siku ile walikuwa na shughuli.

Lau mtu angetengeneza filamu ya maisha yake, ingelifungiwa, na tungeambiwa kwamba jamii imelindwa. Imelindwa na nini? Mtu mwenyewe alikwishakatwa zamani, angali hai, na wala hapakuhitajika bodi. Wazee wetu wangemsitiri: wasingechunguza yaliyo nyuma ya mlango wake, wangemzuru akiumwa, wangemzika. Sisi tulimfuta, kisha tukajisifu kwa haya.

Basi nasaha yangu kwako ni hii. Mkasi wa bodi yoyote, iwe ya Delhi, Jakarta au Islamabad, leo haufiki kwenye simu ya mtoto wako. Yeye atayaona usiyotaka ayaone, na atayaona peke yake, usiku, bila ya mtu wa kumuuliza. Kinachoweza kumfikia ni sauti yako. Mzoeze kukuuliza, nawe uzoee kusikia swali gumu bila ya kupandisha sauti; atakayefukuzwa kwa swali lake leo, kesho hatakuletea shida yake. Likija neno kwenye simu juu ya filamu au juu ya mtu, lisitoke kwako mpaka ujue aliyelisema aliona nini. Na akiwako jirani ambaye watu wamempa majina, usingoje kujua siri yake ndipo umpelekee uji.

Mwenyezi Mungu atupe insafu katika kuhukumu na huruma katika kusitiri, na amrehemu kila aliyezikwa na watu wachache. Amin.